555 au mikrokontrola? Namna ya kuchagua kabla hujaenda dukani

Shangazi yangu wa Mlandizi anatotolesha vifaranga. Mashine yake alitengenezewa na seremala, boksi la mbao tu lenye balbu mbili, feni iliyong'olewa kwenye kompyuta mbovu na kidhibiti joto cha kununua, na inashika nyuzi 37 na nusu vizuri tu, ila kugeuza mayai ilikuwa kwa mkono, anaamka usiku, anajifunga kanga, anaenda kugeuza trei moja moja. Siku akanipigia simu, "Mwanangu, si wewe unacheza na hayo mavyuma ya umeme, hebu nitengenezee kitu kinigeuzie haya mayai na mimi nilale." Nikamwambia sawa shangazi, kazi ya jioni moja hiyo.

Haikuwa ya jioni moja. Nimeitengeneza mara tatu, na zile mara tatu ndo zilinifundisha mpangilio wa maswali ninaojiuliza sa hivi kabla sijachagua chipu yoyote. Nauandika hapa kama hatua, ila ujue kuna hatua utazipita kwa dakika moja na kuna zingine utakaa nazo wiki.

Kwa ambaye ndo anaanza, 555 ni IC (chipu, saketi nzima ndani ya kipande kimoja kidogo) ya miguu minane iliyobuniwa 1971 na Hans Camenzind, Mswisi aliyekuwa anafanya kazi Marekani, akaibuni kwa ajili ya kampuni ya Signetics, ikaingia sokoni 1972 na mpaka leo haijatoka. Haina programu, muda wake unautengeneza wewe kwa rezista (inayobana umeme) na kapasita (inayoutunza umeme kama ndoo) za nje. Mikrokontrola ni kompyuta nzima ndani ya chipu moja, ina kumbukumbu na ina saa yake, ila ukiinunua haijui kitu mpaka uiandikie programu. Arduino Uno ambayo wengi mnaijua ni bodi, ubongo wake ni mikrokontrola inaitwa ATmega328P. Ndugu yake mdogo ATtiny85 ana miguu minane tu, ukimlaza pembeni ya 555 na macho yako hayasomi maandishi madogo unaweza ukawachanganya, mimi nishawachanganya.

Hatua ya 1: andika kazi yenyewe kwa Kiswahili

Usianze na chipu. Chukua karatasi uandike kitu unachotaka kifanye, kama unamwelekeza mtoto wa nyumbani. Ya taa ya ngazi pale ninapopanga niliandika hivi: "Nikibonyeza swichi, taa iwake dakika mbili, izime." Basi, imeisha. Ya shangazi mara ya kwanza ilikuwa: "Kila baada ya masaa mawili, zungusha mota sekunde 12."

Sasa hesabu maneno. Kuna muda ngapi tofauti? Kuna "kama" ngapi? Kuna neno "kumbuka" au "hesabu" popote? Taa ya ngazi ina muda mmoja na haina "kama" hata moja, hiyo ni 555 na usipoteze muda kubishana. Ya shangazi ina muda wa aina mbili, mmoja mfupi na mmoja mrefu sana, na hapo ndo nilipoumia.

Hizo sekunde 12 sikuzitoa hewani. Mota ni ya 230V yenye gia, inafanana na ile inayozungusha sahani ndani ya maikrowevu, inazunguka mara 2.5 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja sekunde 24. Imefungwa na kimkono kinachovuta trei, kwa hiyo nusu mzunguko inatoa trei kutoka kulalia kushoto mpaka kulalia kulia, na nusu nyingine inairudisha.

Hatua ya 2: tafuta muda mrefu kuliko wote kwenye kazi yako

Hii ndo hatua ninayoona watu wengi wanairuka, mimi mwenyewe nikiwemo, alafu wanaishia kulaumu chipu feki.

Ndani ya 555 kuna rezista tatu za 5k zimepangwa foleni, zinaugawa moto unaoingia vipande vitatu sawa. Kapasita yako ya nje inajaa polepole kupitia rezista yako, ikigusa theluthi mbili ya moto huo chipu inasema muda umeisha na inaikamua. Uzuri wake ni kwamba ukilisha volti 6 au ukilisha 12 muda ni uleule, maana ile theluthi mbili nayo inapanda na kushuka pamoja na moto wenyewe. Hesabu ya kutoa pigo moja ni 1.1 × R × C, R ni rezista na C ni kapasita, na ukiweka R kwa megaomu na C kwa mikrofaradi jibu linakuja kwa sekunde moja kwa moja, huna haja ya kuhesabu sifuri. Taa ya ngazi: 0.47 × 220 × 1.1, inakuja sekunde 114 hivi. Karibu kabisa na dakika mbili, na hakuna mpangaji aliyelalamika zile sekunde sita.

Nikasema kumbe rahisi, masaa mawili ni sekunde 7200, nitaweka kapasita ya mikrofaradi 1000 na rezista ya 4.7M nikiiunganisha na ya 1.8M, jumla 6.5M. Kwenye kalkuleta inakuja 7150. Safi kabisa. Nikaweka kwenye bredibodi (ubao wa kujaribia saketi bila kulehemu) na taa ndogo ya LED badala ya mota, nikabonyeza saa mbili usiku, nikasema saa nne itazima. Saa nne inawaka. Saa sita inawaka. Nikalala, asubuhi naamka bado inawaka na inaniangalia.

Nikachukua multimita nikapima kapasita, inasoma volti 5 na kitu, haipandi. Nikabadilisha 555, vilevile. Nikabadilisha nyingine, vilevile.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi redio wa mtaani kwetu, nilipita kununua waya nikamsimulia. Hakuangalia hata saketi, akasema, "Kijana, kapasita hiyo inavuja. Wewe unajaza ndoo iliyotoboka kwa kijiko." Na hesabu inamuunga mkono. Kwenye volti 12, theluthi mbili ni 8, kwa hiyo kapasita ikikaribia mwisho zinabaki volti 4 za kusukuma kupitia 6.5M, hiyo ni mikroampia 0.6 tu, chini ya mikroampia moja. Kapasita za aina hii, zile za mkebe zenye upande wa chanya na hasi, zinavuja kiasi hicho na zaidi bila shida yoyote, sio mbovu, ndo zilivyo. Kinachoingia kinalingana na kinachovuja, ndoo haijai milele.

Alafu kuna kichekesho ambacho nilikigundua baadaye nikitafakari. Multimita yangu yenyewe ndani ni kama rezista ya 10M. Hata kama kapasita ingekuwa haivuji kabisa, kitendo cha kuchomeka multimita pale na kuiacha kingeifanya isimame kwenye volti 7.3, chini ya 8, kwa hiyo kipimo chenyewe kingeizuia. Ukipima sehemu yenye rezista kubwa hivyo, kipimo nacho ni sehemu ya saketi.

Kwa hiyo kanuni yangu sasa: muda ukiwa sekunde mpaka dakika kama tano, 555 inatosha, rezista usivuke 1M. Dakika kumi ni ubishi. Zaidi ya hapo usijisumbue na 555 peke yake, na kumbuka pia hizo kapasita za mkebe nyingi zinaruhusiwa kupishana na namba iliyoandikwa kwa asilimia 20, kwa hiyo dakika kumi zako zinaweza kuwa nane au kumi na mbili.

Hatua ya 3: kabla hujakimbilia programu, iulize 4060

Hapa watu wengi wanaruka kutoka 555 moja kwa moja kwenda Arduino, na katikati yao kuna chipu ya bei ya chini inaitwa CD4060 ambayo nadhani haipewi heshima yake. Yenyewe inatengeneza mapigo, alafu inayahesabu ndani kwa ndani, inagawa kwa mbili mara 14 mfululizo, mguu wake wa 3 unamaliza duru moja baada ya mapigo 16,384. Maana yake huhitaji tena kapasita kubwa inayovuja, unatengeneza pigo la haraka haraka kwa kapasita ndogo nzuri ya plastiki, chipu inakuhesabia mpaka masaa.

Masaa mawili, 7200 gawa kwa 16,384, pigo moja ni sekunde 0.44. Kwenye 4060 pigo ni 2.3 × R × C, kwa hiyo kapasita ya mikrofaradi 0.47 na rezista ya kama 406k. Mimi niliweka 390k nikaiunganisha na volyumu ndogo ya 50k, ile ya kuzungusha kwa bisibisi. Rezista inatoka mguu wa 10, kapasita inatoka mguu wa 9, zinakutana sehemu moja, na kutoka hapo rezista ya 1M inaenda mguu wa 11. Mguu wa 12 ni wa kuanza upya, uwekee rezista ya 100k kwenda hasi na kapasita ya 0.1 kwenda chanya, la sivyo ukiwasha hesabu inaanzia popote inapojisikia.

Na usisubiri masaa mawili kujua kama umepatia. Weka taa ya LED na rezista ya 4.7k kwenye mguu wa 7, huo unagawa kwa 16 tu, utaona inawaka na kuzima duru moja kila sekunde 7. Hesabu duru kumi na saa ya simu, zikija sekunde 70 upo sawa, zikija 75 zungusha bisibisi.

Sekunde 12 za mota nikaziachia 555, mguu wa 3 wa 4060 ukishuka unaigusa 555 mguu wa 2 kupitia kapasita ndogo, 555 inashika rilei (swichi inayovutwa na umeme, ndo inawasha mota) sekunde 12. Kapasita 100, rezista 100k na volyumu ya 20k. Hapo kila chipu inafanya kazi inayoiweza.

Ikafanya kazi siku mbili. Siku ya tatu shangazi anapiga simu, trei hailali tena upande wowote, ikisimama imenyooka kama meza. Shida yenyewe ni kwamba 555 yangu ilikuwa inazidisha kidogo, tuseme asilimia 2, hiyo ni robo sekunde, nyuzi tatu na nusu za mzunguko. Kila baada ya masaa mawili nyuzi tatu na nusu zinaongezeka juu ya zilizopita, zamu 25 umeshapotea robo mzunguko mzima. Kosa dogo linalojirudia juu ya lenzake ni kubwa, taa ya ngazi ikikosea leo kesho inaanza upya haina deni, lakini mota ina deni.

Nilikuwa nimeshaanza kusema sasa hapa ni mikrokontrola tu, nikarudi kwa yule mzee. Akanichorea kwenye gamba la sigara: kisahani kwenye shafti ya mota chenye vidato viwili vinavyotazamana, na mikroswichi inayotembea juu yake, imefungwa sambamba na mguso wa rilei. Rilei ikisukuma mota kidogo tu mpaka swichi itoke kwenye kidato, swichi yenyewe inaendelea kuishikilia mota mpaka kidato kinachofuata, inakata. Sekunde zangu 12 hazikuwa na kazi tena, nikaweka 3. Ikitoa 3, ikitoa 4, trei inasimama palepale. "Mkuu, hilo tatizo lako lilikuwa la chuma, ulikuwa unalitibu kwa dawa ya umeme," ndo alivyoniambia, na chai nikamnunulia.

Hilo toleo la pili limefanya kazi kwa shangazi miezi mingi bila programu hata mstari mmoja. Zamu zilikuwa zinakuja mara masaa mawili, mara masaa mawili na dakika nne kutegemea na joto la chumba. Kuku mwenyewe akiwa juu ya mayai hana saa.

Hatua ya 4: tafuta neno "kumbuka"

Kilichoniingiza kwenye mikrokontrola ni sentensi kubadilika. Mayai ya kuku yanakaa siku 21, lakini siku ya 18 unaacha kuyageuza, kifaranga anajipanga kutoka. Shangazi alikuwa anachomoa waya wa mota mwenyewe siku hiyo, mara akasahau kwa sababu kulikuwa na msiba, akaniambia, "Sasa si iache yenyewe? Na umeme ukikatika isije ikaanza moja."

Andika hiyo sentensi kwenye karatasi uione: kila masaa mawili geuza, hesabu zamu, zikifika 216 acha kabisa washa taa nyekundu, umeme ukikatika kumbuka ulipofika. Kuna kuhesabu, kuna "zikifika", kuna "kumbuka". Unaweza kufanya kwa chipu za kawaida, ndiyo, ongeza kaunta mbili tatu na betri ya kuzishikilia, utaishia na bodi ya IC saba na waya kama tambi. ATtiny85 moja inafanya yote hayo na inabaki na nafasi.

Hiyo ya kukumbuka inatumia EEPROM, sehemu ya kumbukumbu isiyofutika umeme ukikatika, ATtiny85 inayo baiti 512 na wewe unahitaji moja tu, maana 216 inaingia kwenye baiti moja. Wengine wanaogopa kwamba inachakaa, sehemu moja inavumilia kuandikwa mara 100,000. Zamu 216 kila awamu, hiyo ni awamu zaidi ya 460, kila awamu siku 21, ni miaka 26. Boksi la mbao litakuwa limeliwa na mchwa zamani.

Kasoro moja niiseme: umeme ukikatika masaa matano, hesabu nayo inasimama masaa matano, kwa hiyo siku ya 18 inasogea. Kama kwenu umeme unakatika kila siku, ongeza moduli ya saa ya DS3231 yenye kibetri chake, hiyo inapishana kama dakika moja kwa mwaka na inaendelea kutembea gizani.

Hatua ya 5: umeme unatoka wapi

Kama unachomeka ukutani pita hatua hii haraka. Kama ni betri, kaa hapa kidogo.

NE555 ya kawaida inakula kama miliampia 3 kwenye volti 5 hata ikiwa haifanyi kitu, na kwenye 15 inafika 10. Betri ya volti 9 ya dukani itakufa ndani ya siku chache. Kuna ndugu zake wa CMOS, TLC555, ICM7555, LMC555, wanakula kidogo sana, mikroampia tu, mpangilio wa miguu ni uleule, ila hawana misuli, usiwatwishe rilei. ATtiny85 ukiilaza vizuri kwenye programu nayo inakula mikroampia chache, lakini usifanye kosa la kuilaza alafu ukailisha kupitia 7805 (chipu ya kushusha umeme uwe volti 5), maana 7805 yenyewe inakula kama miliampia 5 muda wote, umemlaza mtoto umeacha redio inapiga kelele.

Nguvu ya kusukuma ni jambo lingine. 555 inatoa mpaka miliampia 200, rilei ya volti 12 inayokula 30 inaishika yenyewe bila msaada, weka tu dayodi ya 1N4007 kinyume kwenye koili na nyingine mfululizo na mguu wa 3. Mguu wa ATtiny usiuzidishie 20, na rilei ya volti 5 inakula kama 70, kwa hiyo lazima transista katikati, 2N2222 au BC337, rezista ya 1k kwenye besi, na dayodi ileile. Na 555 za kawaida zikibadilisha hali zinavuta mkupuo mkubwa wa ghafla, ukiweka 555 na mikrokontrola kwenye laini moja bila kapasita ya 0.1 na ya 10 karibu na miguu yake, mikrokontrola itakuwa inajizima na kuwaka wewe unalaumu programu.

Hatua ya 6: nani ataitengeneza ikifa

Swali hili silioni likiulizwa, na kwangu lina uzito kuliko bei. 555 unaipata kwa fundi redio yeyote, Kariakoo, Luthuli ya Nairobi, hata ndani ya mashine mbovu uliyonayo kabatini, inagharimu kama chai na chapati. Ikiungua Mlandizi, kijana wa pale anaing'oa anaweka nyingine, imepona. ATtiny ikiungua anaweza kununua mpya ileile na isifanye kitu, maana mpya haina programu, na programu iko kwenye laptopu yangu mimi, na mimi siko.

Kwa hiyo ukichagua mikrokontrola kwa kitu kinachoenda kukaa mbali na wewe: tumia soketi, usiilehemu moja kwa moja, na tengeneza ya akiba yenye programu tayari. Ya shangazi nimeifunga kwa gundi ya karatasi ndani ya mfuniko wa boksi, na nimeandika kwa kalamu "kichwa kitazame juu", kile kidoti.

Hatua ya 7: ukiamua ATtiny, pita hivi

Huhitaji kununua programa, kile kifaa cha kuingizia programu kwenye chipu. Arduino Uno yoyote, hata ya Kichina, inafanya. Ipakie mfano wa ArduinoISP uliomo kwenye Arduino IDE (programu ya kompyuta ya kuandikia na kupakia), alafu weka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET na GND ya Uno, hasi iende GND. Pini 10 ya Uno iende mguu wa 1 wa ATtiny, 11 mguu wa 5, 12 mguu wa 6, 13 mguu wa 7, volti 5 mguu wa 8, GND mguu wa 4. Ongeza ATTinyCore kwenye IDE, chagua chipu, pakia.

Sasa mitego. Wa kwanza ulinikamata mzima mzima. ATtiny85 ikitoka kiwandani ina saa ya megahezi 8 ndani lakini imewekewa mpangilio wa kugawa kwa 8, kwa hiyo inatembea kwa megahezi 1. Mimi kwenye IDE nikachagua megahezi 8, nikapakia, nikaona taa inawaka, nikasema tayari, nikapeleka Mlandizi bila kupima kwa saa. Kila kitu kikawa polepole mara 8. Masaa mawili yakawa 16. Na zile sekunde 3 za kusukuma mota zikawa kama 24, mzunguko mmoja kamili, yangu ilikuwa na haraka kidogo ikakatia kwenye 23 na kitu, mikroswichi ikamalizia kilichobaki, trei imezunguka yote ikarudi ilipoanzia. Shangazi ndo aligundua, "Mwanangu, mbona hii trei kila nikifungua imelalia upande wa mlango?" Dawa yake ni kubonyeza Burn Bootloader mara moja kabla ya kupakia, kwenye ATtiny haipakii bootloader ya kweli, inaandika ule mpangilio wa saa. Na ukiwa humo kwenye mipangilio, ile ya kuugeuza mguu wa RESET kuwa pini ya kawaida usiiguse, ukiigusa Uno haitaweza kuiongelesha tena chipu hiyo.

Mtego wa pili ni wa hesabu. Ukiandika delay (amri ya kusubiri, inahesabu kwa milisekunde) ya 2*60*60*1000 inaonekana iko sawa, ila namba za kawaida kwenye chipu hii zinaishia 32,767, jibu linapinda linakuwa hasi, na delay ikilipokea inalisoma kama namba kubwa kupita kiasi, itasubiri siku 49 na ushee. Kifaranga angekuwa ameshaota mbawa. Andika 7200000UL, hizo herufi mbili za mwisho ndo zinaokoa.

Saa ya ndani inaweza kupishana mpaka asilimia 10 kutoka kiwandani, kwa mayai haina maana yoyote, kwa kengele ya shule ina maana.

Umeme wa kuilisha nilitumia chaja ya zamani ya simu, volti 5 tayari, hamna haja ya 7805. Upande wa 230V nenda taratibu: fyuzi, waya zipite mbali na zile za volti 5, mguso wa rilei uwekewe rezista ya 100 na kapasita ya 0.1 ya daraja la X2 mfululizo ili mota ikikatwa isirushe cheche za kuichanganya chipu, na kila kitu kiwe ndani ya boksi lililofungwa kwa skrubu, maana pale kwa shangazi kuna wajukuu.

Na kama unataka ujumbe uje kwenye simu siku ya 18, hapo sahau yote niliyosema, chukua ESP8266 au ESP32 moja kwa moja. Wi-Fi haitengenezwi kwa 4060. Ila ziangalie kwenye umeme, zinataka 3.3V na zikirusha Wi-Fi zinavuta mamia ya miliampia kwa mkupuo, chaja nyonge haiziwezi.

Toleo la tatu liko Mlandizi, lile la pili shangazi alikataa nisilitupe, kamfungia jirani yake anayefuga bata. Mayai ya bata yanakaa siku 28, na jirani anachomoa waya mwenyewe ikifika siku ya 25.